Maharagi Yaliyorudi kutoka Walikale

Vijana wa depo, mumeniomba niwaandikie kidogo juu ya kazi ya ghala kabla sijasahau. Sitasahau. Miye si muntu wa kusahau. Ninyi njo munasahau kufunga mulango. Lakini sawa, nimekaa. Mgongo wangu uliokataa mifuko haujakataa kiti, na bibi yangu amesema afazali niandike kuliko kumuelezea yeye kila siku mambo yaleyale.

Kama munatafuta habari ya vyeo, muulize wenye kuvipenda. Miye nilisoma mpaka darasa ya ine, primaire. Mwalimu alisema inatosha, na kwa upande wangu niliona pia inatosha. Kingine chote nilijifunza mwenyewe, kwa mukono huu wa kuume, niliouingiza mpaka kwenye kiwiko ndani ya mifuko ya watu wengine.

Nilifanya kazi chini ya wakubwa wengi. Kulikuwa wa kufoka, kulikuwa wa kusaini bila kusoma, kulikuwa mumoja aliyekuja kila mara na kofia mupya na hakuna siku aligusa harage. Lakini mukubwa aliyenitawala zaidi ni kale kadudu ka rangi ya majivu, kadogo kuliko punje ya muchele, kanakozaliwa ndani ya harage na kutoka kakiwa kameshiba. Wale wengine walikuwa wanaenda konje, likizo. Kenyewe hapana.

Nilianza Mweso, sokoni, kubeba mifuko. Nilikuwa kijana wa nguvu, na sisemi hivyo kwa kujisifu, mashahidi wangali wazima. Siku ya kwanza nilipewa kwa Mama Nyota, mama mumoja aliyekuwa ananunua maharagi ku vilima vyote vya kule, toka Burungu mpaka upande wa Kitchanga, na sauti yake ilitosha kusimamisha camion, lori nzima na mizigo yake. Nilibeba mufuko wa kwanza mbio mbio ili anione. Aliniona.

«Weye mwenye kukimbia, weka chini. Fungua. Ingiza mukono.»

Niliingiza.

«Unasikia nini?»

«Maharagi, Mama.»

«Mupumbavu! Nilijua kama si viazi. Iko baridi ao iko moto?»

Niliingiza tena, mpaka kiwiko. Kule katikati kulikuwa na moto kidogo, kama chini ya shuka la muntu aliyetoka kuamka.

«Iko na moto, Mama.»

«Njo hivyo. Harage haina homa. Ukikuta mufuko iko na homa, ujue kuna wenye wanapumua ndani. Rudisha kwa mwenyewe, na usimusalimie.»

Hiyo ilikuwa shule yangu ya juu. Siku ileile akatandika kitenge chini, akamwaga kikombe cha maharagi, akaniambia nichague mabaya. Nilichagua yote yenye matundu, nikasimama na kiburi. Akachukua yale niliyoita mazuri, akaanza kunionyesha: huku ngozi ya harage imekuwa na kaduara kadogo kanakong'aa, kama karatasi iliyopata mafuta. Mama Nyota alikaita dirisha. Tundu, aliniambia, ni mulango wa kutokea; ukiona tundu, mwizi ameshaenda. Dirisha njo linakuonyesha mwizi angali ndani anakula. Watu wote pale sokoni walikuwa wanatafuta matundu. Mama Nyota alikuwa anatafuta madirisha, na alijenga nyumba ya mabati. Muwaze wenyewe.

Vijana wangu, mushike hilo kuliko fimbo ya chuma ya kuchomea mifuko munayopenda kuzunguka nayo. Hiyo fimbo ni nzuri, inatoa harage katikati bila kufungua. Lakini haina ngozi. Haisikii homa.

Halafu nikaanza kushuka Walikale na camion za maharagi, na kupanda na mafuta ya mawese. Hapa niseme neno juu ya sisi watu wa Masisi, maana hata miye niko mumoja wao na ninatupenda. Sisi tuko na kiburi cha baridi. Kwetu ku vilima, kadudu kanazaa polepole, kanatetemeka kama mugeni. Muntu anavuna, anapiga, anakausha, anaweka majani ya muravumba, yenye harufu ya kufukuza wadudu, mu kinywa cha mufuko, anafunga, na anaapa mbele ya kanisa lote kwamba maharagi ya kwao hayaliwi. Na hasemi uongo! Kwake kweli hayaliwi. Lakini kadudu hakangoji depo. Kanataga mayai shambani, wakati ganda linakauka na kupasuka. Kanaingia mu nyumba na mavuno, kanakaa kimya ju ya baridi. Mufuko ukishuka Walikale, mu moto wa pori, njo kanavua koti.

Safari yangu ya kwanza, nilifika kule na maharagi safi ya Burungu, nikajisifu sokoni mpaka jasho. Tukakaa tukingoja mununuzi. Kufungua mufuko, maharagi yanatembea. Mama mumoja muuza mawese akaangalia, akaita wenzake.

«Mukuje muone! Batu ya Masisi banatuletea maharagi yenye nyama!»

«Kaka, bei ya nyama iko mbali na ya maharagi?»

«Hapana, dada, anatupatia bure, anatupenda!»

Nilicheka nao. Ningefanya nini? Lakini baadaye, kule kuchekwa kulipoisha, yule wa kwanza akanionyesha kazi yao: wanachukua mawese kidogo sana, wanasugua maharagi kwa mikono mpaka kila moja linang'aa, halafu wanafunga. Kadudu kanateleza, mayai hayashiki, na yale yaliyoshika yanakosa hewa. Nilipanda na hiyo akili Masisi. Leo watu wanasema Papa Depo, yaani miye, njo alileta mafuta mu maharagi. Sijawahi kuwakatalia.

Sasa niwaambie kazi moja iliyokuwa ngumu kuliko zote, maana mingine munaweza kujifunza mukiwa munalala.

Nilikuwa nimeshakuwa mukubwa wa depo ya Lushebere, ile ya komite ya kugawa chakula, karibu na kambi ya waliokimbia vita. Maharagi yetu yalikuwa na njia mbili. Fungu moja lilienda kwa familia, kila nyumba sehemu yake. Fungu lingine lilienda ku jiko la watoto, wale waliokonda, waliokuwa wanapikiwa kila siku na Mama Zawadi. Mama Zawadi ni mupishi ambaye hakuna prezida anayekohoa mbele yake.

Wakati ule barabara ilikuwa inafungwa na kufunguka kama kinywa cha mulevi. Camion moja ilikuwa imeshusha maharagi yetu ya vilima mpaka Walikale, yaende mbele. Mbele hakukuendeka. Yakalala kule kwenye moto, mu nyumba ya mabati, kwa muda murefu. Halafu wakubwa wakaona afazali yarudi. Yakarudi Lushebere kama mutoto aliyeenda mujini: yameona mambo, na hayakurudi peke yake. Na nyuma yao matope yakafunga barabara kabisa. Hakuna kingine kilikuwa kinakuja. Hayo njo tulikuwa nayo.

Miye, siku ile yalipofika, niliingiza mukono na nikautoa mbio. Nikasema yawekwe pembeni. Papa Prezida wa komite, muntu wa suti hata mu matope, akasema: «Papa Depo, kambi haiwezi kula pembeni.» Na ilikuwa kweli. Yakaanza kupikwa.

Baada ya siku chache Mama Zawadi akafika ku depo na mwiko mukononi. Nyuma yake kulikuwa mama mumoja mukimbizi, Mama Amani, na Amani mwenyewe mugongoni. Mutoto alikuwa na macho makubwa na shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa. Hakuwa analia. Munajua wenyewe, mutoto anayelia hatishi. Anayetisha ni yule amenyamaza.

«Papa Depo,» Mama Zawadi akasema, «haya maharagi yako yananimalizia kuni. Inatokota tangu asubui, inakataa kuiva. Na ikiiva iko na uchungu. Batoto banakula, banavimba tumbo, halafu banaharisha ngozi tupu.»

«Ngozi tupu namna gani?»

«Ngozi ya harage! Uko na maskio?»

Mama Amani hakupandisha sauti. «Papa, kila siku anakula. Namumalizisha sahani. Ku mizani ya muganga, kilo yake inashuka. Muganga ananiuliza kama nakula chakula ya mutoto.» Akamupandisha Amani vizuri mugongoni, akasema: «Miye sikuli chakula yake.»

Nilichukua maharagi kikombe, nikapasua moja moja kwa jino la kisu. Ndani ya mengi hakukuwa harage. Kulikuwa unga mweusi, mavi ya kadudu na ngozi zake za zamani. Kadudu ni kajanja: kanakula ile nyama ya katikati yenye kujenga muntu, kanakuachia ganda. Tumbo la mukubwa linaweza kubishana na ganda. Tumbo la mutoto kama Amani ni dogo kama ngumi. Ukilijaza ganda, nafasi ya chakula imeisha.

Nikamwambia Papa Prezida. Akasema yeye hawezi kuamini jino la kisu, tutume maharagi Goma ku labo, iseme. Nilikubali. Muntu wa moto, yaani wa pikipiki, alikuwa anapita njia ya milimani, akabeba kifurushi. Kule labo kulikuwa kijana mumoja, Olivier, fundi wa kupima vyakula, mwenye adabu, alikuwa ananiita Papa hata kabla ya kuniona.

Jibu lilifika mu telefone ya Papa Prezida. Akakuja akiimba. Akaita komite yote, akaita na mama za jiko, tukakusanyika mbele ya depo. Akasoma kwa sauti ya misa: katika maharagi yaliyoliwa na vidudu, proteini imepanda kuliko katika maharagi mazima.

«Imepanda!» akarudilia. «Musikie! Bidudu haiharibu, inaongeza! Papa Depo alitaka kutunyima chakula yenye vitamini.»

Watu wakaanza kucheka, na mumoja mu komite akaniita: «Papa Depo, tuwape hao bidudu kazi! Wanaweza kukushinda!» Mwingine akasema tungekuwa na akili tungeyaacha Walikale mwaka muzima, yangerudi ng'ombe.

Nilifikiri kidogo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaelewa yote, lakini niliona heshima kumuachia kijana aseme mwenyewe. Nikamuomba Papa Prezida apigie labo na aweke sauti ya inje, watu wote wasikie.

«Olivier, mwana wangu, ni miye Papa Depo. Proteini imepanda kweli?»

«Papa, niliandika pia mistari ya chini. Waliisoma?»

Kila muntu akamuangalia Papa Prezida. Papa Prezida akaangalia telefone.

«Haijasomwa,» nikasema. «Tuelezee.»

«Sawa, Papa. Mashini yetu haioni proteini. Inahesabu azoti, ile wengine wanaita naitrojeni, halafu sisi tunaipigia hesabu tunasema ni proteini. Sasa mavi ya kidudu iko na azoti. Mukojo yake, ngozi yake, maiti yake, vyote viko na azoti. Mashini inahesabu yote pamoja.»

«Kwa hiyo mashini yenu inadanganya?» Papa Prezida akauliza.

«Hapana, Papa. Iliulizwa azoti, ikajibu azoti. Ile proteini ya kujenga mutoto imepunguka, na iliyobaki tumbo linashindwa kuivunja. Mafuta ya ndani yameoza, njo ile uchungu. Vitamini imeenda. Musipatie batoto wadogo.»

Mama Zawadi njo alijibu wa kwanza.

«Kumbe nilikuwa napikia batoto mavi yenye digri.»

Hapo kicheko kilikuwa cha namna ingine. Lakini kicheko hakishibishi, na jambo lilikuwa limebaki palepale: barabara imefungwa, na depo haina kingine. Nikawaambia tunavyoweza kufanya. Tunamwaga maharagi mu mabeseni ya maji. Yenye shimo tumboni yanaelea, mazima yanazama. Tunachukua yaliyozama, tunayatandika jua kali juu ya shitingi nyeusi, yaani turubai, tunafunika na nailoni, joto linaua waliomo ndani. Halafu mikono ya mama inatafuta madirisha. Mwisho, mawese kidogo, na kufunga. Nilishafanya hiyo kazi, niliwaambia, wakati wao wangali wanafikiri harage linaota mu mufuko.

«Na itabakia ngapi?» akauliza baba mumoja, Papa Kambale, mwenye nyumba yenye watu wengi.

«Ya jiko la watoto, kama tunachunga. Ya familia, hakuna.»

Hapo njo kulichafuka. Papa Kambale akasimama. «Papa Depo, unachagulia batoto maharagi kama unachagulia kijana wako bibi! Miye niko na watu ku nyumba. Harage yenye tundu tumekula tangu zamani, hatukukufa. Gawa vile iko, kila muntu apate yake!»

Wengine wakasema ndiyo. Na miye niwaambie ukweli: hakuwa mubaya. Alikuwa na njaa, na alikuwa na haki ya sehemu yake. Papa Prezida, kwa kuwa aliona watu wengi upande ule, akahamia upande ule. Akasema pia kwetu mu Masisi kutupa chakula mbele ya wenye njaa ni matusi, na hapo hakuna muntu alimupinga, maana njo desturi yetu. Hata harage moja likianguka njiani muntu anainama.

Nilikuwa na mengi ya kusema, na ningeyasema vizuri. Lakini Mama Amani alikuwa amesimama. Hakuwa mu komite. Hakuna muntu alikuwa amemuuliza. Akamutoa Amani mugongoni, akamuinua mbele ya Papa Kambale, hivi, kwa mikono miwili.

«Shika.»

«Mama, miye nimesema tu...»

«Shika, Papa. Shika mutoto.»

Papa Kambale akamushika. Mutoto hakulia hata kwa sura ya muntu asiyemujua. Alilaza kichwa tu, kama alikuwa hana mahali pa kukiweka. Yule baba, aliyekuwa anazoea kubeba watoto wake, akamupima kwa mikono, na niliona sura yake inageuka. Mashini ya labo ilihitaji azoti. Yeye hakuhitaji.

«Anakula kila siku?» akauliza polepole.

«Kila siku, Papa. Hiyohiyo unataka bagawe.»

Akamurudisha kwa mama yake taratibu, akakaa chini. Kisha akasema, bila kuangalia muntu: «Sehemu yangu mupeleke ku beseni. Siye tutaona. Kuko sombe, kuko bulengera.» Sombe ni majani ya muhogo na bulengera ni majani ya maboga, kwa wale kati yenu waliokulia mu lami. Baada yake wengine wakasema vilevile, mumoja mumoja, kwa sauti ya chini, kama watu wanaotoa sadaka bila kutaka jirani aone ni ndogo.

Wamama wa kambi walichagua mpaka vidole vikachubuka. Miye nilisimamia. Muntu lazima asimamie. Mama Zawadi aliniambia kwamba kusimamia kwangu kunamukingia jua, nikahamia upande mwingine nikaendelea kusimamia. Musiniulize ni mifuko ngapi iliyopona. Ilikuwa kidogo kuliko nilivyosema ku komite na nyingi kuliko nilivyoogopa moyoni.

Ikabakia ile iliyoelea. Kuitupa ni matusi, kuipika ni mabaya zaidi. Papa Prezida akapata dawa. Yeye alikuwa na nguruwe.

«Munipatie miye,» akasema. «Muliikataa chakula yenye proteini ju ya kiburi. Nguruwe wangu hawana kiburi. Mutaona watakavyonenepa.»

Tukampatia yote. Wavulana wake walibeba wakicheka.

Jiko la watoto likaendelea. Maharagi yaliiva kabla jua halijapanda sana, Mama Zawadi akaacha kutembea na mwiko kama silaha. Mama Amani alikuwa anasaga yaliyoiva, anachanganya na mawese, anamulisha kidogo kidogo. Mara ya kwanza muganga alipomupima, kilo haikupanda, lakini haikushuka, na Mama Amani alikuja kunieleza hiyo kama habari ya harusi. Halafu ikapanda. Halafu siku moja nikiwa mulangoni mwa depo nilisikia toka kule ku mizani mutoto anapiga kelele, anamupiga muganga mateke, anataka kushuka kwenye kile kikapu cha kupimia. Nilienda kuangalia. Alikuwa Amani, na muganga alikuwa ameshika jicho, na Mama Amani alikuwa anacheka na machozi yanashuka hata hakuyapanguza.

Papa Kambale alikuwa kwenye mustari na mutoto wa dada yake. Akaniambia: «Papa Depo, huyo mutoto iko na tabia mubaya.» Na alisema hivyo kwa furaha nyingi.

Ni wakati uleule, barabara ikiwa imeanza kufunguka, Papa Prezida alikuja ku depo. Suti ilikuwa ileile. Alizunguka kidogo, akauliza habari ya paleti za kuwekea mifuko, akauliza habari ya panya. Nilimungojea. Mwishoni akasogea karibu, akashusha sauti.

«Papa Depo, ile maharagi ya Walikale. Nguruwe wanakula. Nawapikia mpaka iive. Wanamaliza yote.»

«Aksanti kwa Mungu.»

«Lakini hawanenepi. Wanakonda! Miye sielewi. Proteini iko juu, labo ilisema.»

Nikamuwekea mukono begani, huu wa kuume.

«Papa Prezida, labda hawajui. Ufungue telefone, uwasomee.»